Fizi kutoka damu: ni shida ya mdomo tu au mwili mzima unahusika?

#1 Mkwezi wa Pangani

Wakuu heshima kwenu.

Kuna madai yanasambaa sana siku hizi kwamba mwenye fizi mbovu yuko hatarini kupata sukari, ugonjwa wa moyo, kiharusi, kuzaa njiti, hadi kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kaka yangu mkubwa ana kisukari cha miaka mingi. Kliniki anakotibiwa wamemwambia aende kwanza kwa daktari wa meno ndipo warudi kuzungumzia kubadilisha dozi. Yeye kaona anazungushwa. Anasema nimefuata sukari, meno yameingiaje hapa? Hakuna jino linalomuuma. Ila akipiga mswaki anatema damu, na meno mawili ya chini mbele yanacheza ukiyasukuma kwa ulimi.

Naomba hoja zenye mashiko. Fizi ndizo zinaharibu mwili, au mwili ukishaharibika ndipo fizi zinafuata? Au vyote vina chanzo kimoja tusichokiangalia?

#2 Chapakazi Mbagala

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wataalamu.

#3 Mzee wa Mapera

Hicho ni kiseyeye, hakuna cha moyo wala kiharusi. Vitamini C imemwishia. Ale machungwa na mapera mwezi mzima halafu ulete mrejesho. Watu wanapenda kukuza mambo.

#4 Tabibu wa Kinywa

Mzee wa Mapera, matunda aendelee kula, na pera kweli limelizidi chungwa kwa vitamini C. Lakini kiseyeye cha kweli humpata mtu aliyekaa miezi bila tunda wala mboga. Mwili unaishiwa nguvu, michubuko inatokea miguuni bila kujigonga, vidonda havifungi. Mtu anayekula mchicha na nyanya kila siku haendi huko. Damu ya huyu kaka, kwa uwezekano mkubwa, inatokana na utando.

Utando ni ule utelezi unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya mswaki. Ni bakteria waliojijengea makazi kwenye jino. Ukiachwa unashika chokaa ya mate na kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi. Mwaka 1965 watafiti wa Aarhus, Denmark, wakiongozwa na Harald Löe, waliwataka watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zikapona.

Hatua hiyo inatibika kabisa. Inayofuata ndiyo mbaya: fizi inaachana na jino, panajengeka mfuko. Tunaupima kwa kifimbo chembamba chenye alama za milimita. Hadi 3 hatuna neno. Kuanzia 4, na damu inatoka, tunaanza kuchunguza zaidi. Chini ya mfuko mfupa wa taya unaliwa taratibu, na mfupa huo haujioteshi wenyewe. Mkwezi, meno ya kaka yako kucheza maana yake kuna uwezekano mkubwa mfupa umeshapungua. Kwamba hayaumi kusikufariji, ugonjwa huu unaweza kwenda miaka bila maumivu.

Kliniki haikumzungusha.

#5 Binti Mkwakwani

Asante Tabibu. Sasa rudi kwenye swali la msingi, sukari inaingiaje?

#6 Tabibu wa Kinywa

Inaingia kwa milango miwili. Sukari ikiwa juu muda mrefu, kinga inadhoofika, mishipa midogo ya damu kwenye fizi inaharibika, na kidonda kinachelewa kupona. Kwa hiyo mwenye sukari isiyodhibitiwa hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi na unamkimbiza haraka. Mlango wa pili: fizi zenye usaha wa kudumu zinaufanya mwili umwage kwenye damu kemikali za kupambana na maambukizi, na kemikali hizo zinaizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi sawasawa. Sukari inagoma kushuka. Yaani ukiwa na fizi mbovu una kidonda kibichi ndani ya mdomo chenye ukubwa wa kiganja, saa 24.

#7 Hesabu Kali

Tabibu naheshimu taaluma yako, ila hiyo ya kiganja mnaikariri bila kuihakiki. Waliopima mwaka 2001 walikadiria eneo la fizi lenye ugonjwa kuwa sentimita za mraba 8 hadi 20. Kiganja cha mtu mzima ni kikubwa mara kadhaa ya hapo.

Na kwenye sukari, usiache upande wa pili. Mwaka 2013 jarida la JAMA lilitoa jaribio kubwa la Marekani: wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walisafishwa fizi, wakalinganishwa na ambao hawakusafishwa. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, haikushuka.

#8 Tabibu wa Kinywa

Kiganja nimekubali, 8 hadi 20 ndiyo hesabu sahihi.

Jaribio la 2013 nalijua. Wengi walilikosoa kwa sababu usafishaji wenyewe haukuondoa uvimbe wa fizi vya kutosha. Fizi zikibaki zinavuja damu, unategemea sukari ishuke kwa lipi? Mwaka 2022 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio yote yaliyofaa, na jibu likawa HbA1c inashuka kwa wastani wa asilimia 0.43 miezi 3 hadi 4 baada ya matibabu. Yaani mtu wa 8.5 anafika kama 8.1. Si muujiza, lakini ni karibu na kile ambacho mtu angepata kwa kuongezewa kidonge kingine.

#9 Kijana wa Ngaramtoni

Mbona mababu zetu hawakujua mswaki wa dukani wala dawa ya meno, na wamezikwa na meno yao yote? Bibi yangu alikuwa anatafuna mua na muhindi wa kuchoma akiwa kizee kabisa. Haya magonjwa yameletwa na soda na keki.

#10 Karafuu Mbichi

Jee, nani kakwambia hawakuwa na mswaki? Huku Pemba mswaki wa mti upo tokea zamani, na msikitini mpaka leo utaona watu nao mfukoni. Unatafuna ncha mpaka iwe nyuzinyuzi, halafu unasugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino. Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe mwaka 1986 lilihimiza utumike pale ambapo watu wameuzoea. Karafuu nayo inatuliza jino linalouma, ila haitibu ufizi, inatia ganzi tu. Mie nnaona kosa si kuacha mswaki wa dukani, kosa ni kusafisha mbele tu pale panapoonekana ukicheka.

#11 Mwana wa Kisauni

Nakazia hapo kwa Karafuu. Huku Mombasa vijana wanakaa na mirungi shavu moja kuanzia alasiri hadi usiku, kisha wanashangaa fizi za upande ule zimerudi nyuma. Na tambuu je? Tambuu yenye tumbaku na chokaa ni hatari kuliko keki, ndugu yangu wa Ngaramtoni. Hiyo inaleta hadi saratani ya mdomo.

#12 Hesabu Kali

@Kijana wa Ngaramtoni, bibi yako anaweza kuwa mkweli na bado hoja yako isisimame. Huyo huyo Löe wa #4 alifuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka kuanzia 1970 hadi 1985. Watu hao hawakuwa na mazoea ya kusafisha meno wala daktari wa meno. Utando na ugaga wote walikuwa nao. Lakini asilimia 8 ugonjwa uliwaharibu haraka mno, 81 wakaenda mwendo wa wastani, na 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Uchafu uleule, matokeo matatu.

Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mtu, damu ya ukoo na namna kinga inavyopigana. Bibi yako huenda alikuwa kwenye ile 11. Hao ndio mnaowakumbuka. Waliobaki mapengo wakiwa na miaka 40 hakuna anayewahadithia.

Na hapa ndipo shaka yangu kuu ilipo, Mkwezi. Kama kinga ya mtu ni ya kuvimba kupita kiasi, itamvimbisha fizi na itamvimbisha mishipa ya moyo. Halafu sisi tutasema fizi zimeleta moyo.

#13 Chapakazi Mbagala

Ngaramtoni usijibu, kwanza ninyi wa Arusha meno yenu rangi ya chai ya rangi 😂

#14 Kijana wa Ngaramtoni

Ile ni floraidi ya maji mkuu, tumeinywa tukiwa watoto meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuanzia Meru mpaka Kilimanjaro kuna visima vinazidi hapo kwa mbali. Haihusiani na fizi, usichanganye mada. Mimi fizi zangu ni nzima, wewe mvuta sigara ndio wa kuogopa.

#15 Chapakazi Mbagala

Mimi navuta na sijawahi kutoka tone la damu.

#16 Tabibu wa Kinywa

Chapakazi, nikuombe kwa dhati uende ukapimwe. Sigara hubana mishipa ya damu ya fizi, kwa hiyo fizi haivuji hata ikiwa inaoza chini. Wavutaji wengi nawapokea meno yakiwa tayari yanalegea, na wote wana maneno hayo hayo: sijawahi kutoka damu. Sigara ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya ugonjwa huu, na hata matibabu hayashiki vizuri kwa anayeendelea kuvuta.

#17 Hesabu Kali

Na sigara hiyo hiyo inaua moyo. Mnaona sasa? Ukikuta wavutaji wana fizi mbovu na wana moyo mbovu, fizi ina kesi gani ya kujibu? Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zote mwaka 2012 kikasema uhusiano upo hata ukiondoa sigara na mengine, lakini hakuna ushahidi kwamba fizi ndiyo inayosababisha, wala kwamba kutibu fizi kunazuia mshtuko wa moyo.

Kwenye ujauzito pia. Watu walitishwa tangu 1996 kwamba fizi mbovu huleta njiti. Mwaka 2006 jaribio la Marekani la wajawazito zaidi ya 800 likaonyesha kuwatibu fizi hakukupunguza njiti. Kwenye kusahau nako, 2019 walikuta bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na Alzheimer. Dunia ikalipuka. Dawa ya kumzuia huyo bakteria ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 600, na 2021 ikashindwa kuzuia kumbukumbu kupotea.

#18 Mama Tumaini

Hesabu Kali umeeleza vizuri, lakini mimi mjamzito nikisoma hapo nabeba ujumbe kwamba nisihangaike. Fizi zangu zilianza kuvimba mimba ilipofika miezi 3, na kuna kinyama chekundu kimeota katikati ya meno mawili ya juu, nikila ugali kinatoka damu. Mama mkwe anasema ni kawaida, kila mtoto anaondoka na jino moja la mama yake. Nikatibiwe au nisubiri nijifungue?

#19 Tabibu wa Kinywa

Dada yangu nenda, usisubiri. Homoni za ujauzito zinafanya fizi ipokee utando mdogo kwa ghadhabu kubwa. Hicho kinyama mara nyingi hupungua chenyewe baada ya kujifungua, lakini kionekane kwa macho ya daktari. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama, na lile jaribio la 2006 lililotajwa hapo juu lenyewe lilithibitisha hivyo: fizi za akina mama zilipata nafuu, watoto hawakudhurika. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama. Kinachomng'oa mama jino ni fizi iliyoachwa miezi 9 bila kuguswa kwa sababu inatoka damu.

Wengi wakiona damu wanaacha kupasugua pale panapovuja. Papigwe mswaki laini, polepole, pale pale ufizi unapokutana na jino.

#20 Nesi wa Kanda ya Ziwa

Wakuu mnabishana kuhusu moyo wa wazee na kuwasahau watoto. Mtoto mwenye utapiamlo akitoka kuugua surua au malaria kali, fizi yake ikiota kidonda chenye harufu kali, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa ugonjwa uitwao noma. Inaanzia kwenye ufizi na kwa siku chache inakula shavu hadi mfupa. Desemba 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ikiwahiwa mapema, antibiotiki, usafi wa kinywa na lishe vinaizuia. Hapo mwili dhaifu ndio uliofungua njia, kwa hiyo swali la Mkwezi la nani katangulia lina majibu tofauti kwa magonjwa tofauti.

Na kichanga akiwa na homa na kuharisha, tafadhali msimpeleke kung'olewa "meno ya plastiki". Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni chonge, meno yake halali yanayojengeka ndani. Nimepokea watoto waliochokonolewa kwa spoku ya baiskeli. Inauma sana kuona.

#21 Binti Mkwakwani

Ya spoku nimeumia kweli. Ubarikiwe nesi.

#22 Mstaafu wa Korogwe

Nami niongeze langu. Nimetumia nifedipine ya presha kwa muda mrefu. Fizi zangu zilianza kukua, siyo kuvimba kwa maumivu, zinakua tu kama zinataka kuyafunika meno. Nilizunguka kwa waganga wa mitishamba, nikasukutua magadi na majani ya mpera. Mwishowe kijana mmoja wa meno, kabla hajashika kifaa chochote, akaniuliza: mzee unatumia dawa gani? Nikamtajia, akaniandikia karatasi niipeleke kwa daktari wa presha. Nilipobadilishiwa dawa na kusafishwa, zikarudi taratibu.

Sasa kwangu mimi fizi haikuharibu moyo. Dawa ya moyo ndiyo iliyoharibu fizi.

#23 Tabibu wa Kinywa

Shikamoo mzee, umetoa darasa kubwa. Dawa ya kifafa, phenytoin, hufanya hivyo hivyo, na cyclosporine ya waliopandikizwa figo. Amlodipine nayo, ingawa kwa wachache zaidi. Ila nasisitiza kwa wasomaji wengine: asiache mtu dawa ya presha au kifafa kwa kusoma uzi huu. Fanyeni kama mzee, barua iende kwa daktari wa dawa hiyo.

#24 Mzee wa Mapera

Tatizo lenu wataalamu mkishasafisha meno yanalegea. Jirani yangu alisafishwa, wiki iliyofuata yakawa na nafasi katikati na maji baridi hayanyweki. Kabla ya hapo yalikuwa imara.

#25 Tabibu wa Kinywa

Yalikuwa yameshikwa na ugaga, mzee wangu. Ugaga umejaza nafasi iliyoachwa na mfupa, fizi iliyovimba ikafunika juu. Ukiutoa, uvimbe unanywea, na ile nafasi iliyokuwepo siku zote inaonekana. Mzizi ukiwa wazi maji baridi yanachoma, kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache. Anayeeleza hivi kabla ya kuanza hapati lawama. Wengi wetu hatuelezi, na hilo ni kosa letu.

#26 Mwana wa Kisauni

Halafu kuna hili la moyo wa rumatiki. Dadangu alipata homa ya koo utotoni, valvu (kilango cha moyo) ikaharibika. Daktari wake wa moyo alisema asing'oe jino popote bila kumjulisha. Hapo Hesabu Kali atasema nini?

#27 Hesabu Kali

Hapo sipingi kabisa. Bakteria wa mdomoni wanaingia kwenye damu hata kwa kutafuna na kupiga mswaki, na valvu yenye kovu ni mahali wanaponasa. Hicho ni kisa na mkasa vinavyoonekana, siyo takwimu za kukisia. Ninachopinga ni kuchukua kisa hicho na kukivalisha kila mwenye presha.

Hofu yangu ina historia. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal akasema uchafu wa meno ndio chanzo cha magonjwa kibao ya mwili. Baada ya hapo madaktari wa Marekani na Uingereza wakang'oa mamilioni ya meno ya watu ili kutibu baridi yabisi, tumbo, hadi wendawazimu. Hawakupona, wakabaki vibogoyo. Ilichukua miongo kadhaa kuachana na nadharia ile.

#28 Tabibu wa Kinywa

Hata kwa dada wa Kisauni wataalamu hawajakubaliana. Mwongozo wa Marekani wa 2007 ulipunguza watu wa kupewa antibiotiki kabla ya kung'oa jino, ukabakiza hasa wenye valvu za bandia, waliowahi kuugua maambukizi ya valvu, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro ya moyo. New Zealand wao wakaendelea kuwahesabu wenye moyo wa rumatiki. Afuate daktari wake anayemjua.

Na Hunter usinitajie kana kwamba namfuata, mimi nalinda meno yasing'olewe! WHO inakadiria watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Hata ungekata kabisa uhusiano wake na moyo, mtu kupoteza meno na kushindwa kutafuna ni afya ya mwili tayari.

#29 Mkwezi wa Pangani

Nashukuru wakuu wote. Nimemsomea kaka bandiko la #4 na #8, amekubali kwenda wiki ijayo kwenye hospitali ya mkoa. Amesikia asilimia 0.43 anasema kumbe nitashusha sukari bila kuongezewa vidonge.

#30 Hesabu Kali

Aende, nami namuunga mkono, meno yanayocheza hayasubiri mjadala. Ila mkuu, kama watamsafisha fizi na kumbadilishia dozi mwezi mmoja, sukari ikishuka mtajuaje kilichoishusha?

#31 Tabibu wa Kinywa

Apime HbA1c kabla ya kusafishwa, arudie baada ya miezi 3. Kuhusu dozi aamue daktari wake, asicheleweshewe kwa ajili ya kutupatia sisi jibu.

#32 Hesabu Kali

Basi jibu hatutalipata kwa kaka wa Mkwezi.

#33 Chapakazi Mbagala

Tabibu, hicho kifimbo cha milimita kinauma?